Kifo Rasmi cha Chande Mlekwa

Ilikuwapo nchi, na kwa habari tulizonazo ingalipo, ambayo jina lake hatulitaji kwa sababu lilipelekwa kwenye tume liangaliwe upya na tume haijalirudisha. Katika nchi hiyo palikuwa na Chuo Kikuu cha Mlima Tambarare. Mlima wenyewe ulikuwa mlima kweli hapo zamani, lakini siku ya kuweka jiwe la msingi gari la Mheshimiwa Mlezi wa Taifa lilipata shida kuupanda, ikaonekana ni busara kuusawazisha. Jina halikubadilishwa. Watu wa pale hawakuwa na tabia ya kutupa vitu ovyo.

Chuo hicho kilikuwa na mengi ya kujivunia, na aliyeajiriwa kujivunia kwa niaba ya wengine alikuwa Bi Sikudhani Nyambo, Afisa wa Wahitimu Mashuhuri na Urithi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alisoma hapohapo chuoni na hakuwahi kuondoka.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. Aliwaonyesha Maktaba ya Anga Wazi, iliyopata jina hilo baada ya upepo kuondoka na paa. Aliwaonyesha Chemchemi ya Maarifa, ambayo haikuwahi kutoa maji, na wahitimu waliotaka kupiga picha hapo walielekezwa wasimame upande ambao ukavu hauonekani sana. Aliwaingiza katika Jumba la Picha, mlimotundikwa sura za wahitimu waliopata vyeo. Kila picha ilifungwa kwa bawaba kama mlango, ili mhitimu akivuliwa cheo ageuziwe ukutani bila kuharibu plasta, na akirudishiwa cheo ageuzwe tena atazame watu. Waziri mmoja wa kilimo aligeuzwa mara nyingi mno hadi bawaba zake zikawa zinalia, na fundi akaagizwa azipake mafuta kwa kulinda heshima ya wizara.

Mwisho wa matembezi ulikuwa Ngazi za Amani, mbele ya jengo la utawala. "Na hizi ni Ngazi za Amani," alikuwa akisema Bi Sikudhani, kisha anaendelea kutembea bila kugeuka. Baadhi ya wageni walidhani ana tatizo la magoti.

*

Hakuwa na tatizo la magoti. Alipokuwa mwanafunzi, maji yalikatika chuoni kwa muda mrefu, na wanafunzi wakaandamana na ndoo tupu kwenda kwa wakuu wao. Aliyewatangulia alikuwa Chande Mlekwa, kijana wa uhandisi, mrefu kama mlingoti na mwenye masihara yasiyokwisha. Alivaa ndoo yake kichwani kama kofia ya jenerali na kuwapigia saluti askari waliojipanga ngazini. Watu wakacheka. Inasemekana hata askari mmoja alicheka, na hilo ndilo lililomuudhi mkubwa wao.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Sikudhani alikuwa nyuma ya Chande. Alimwona anaanguka kwenye ngazi ya tatu, akaona ndoo ikibingirika kuja miguuni pake, akaona lori likirudi nyuma kinyumenyume kama la kupakia magunia.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba wanafunzi saba wa Mlima Tambarare wamepata Ufadhili wa Ghafla, wamekwenda kusoma ng'ambo, na kwamba hawakuwahi kuaga kwa sababu ndege haimsubiri mtu. Ngazi zilioshwa vizuri sana, maana siku hiyo maji yalirudi.

Wazazi wa wale sita wengine walipokea habari hiyo wakaenda nayo nyumbani. Mama yake Chande alikwenda nayo mlangoni kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Alitandika kanga yake pale, akasema, "Kama mwanangu yuko ng'ambo, basi mdomo kaenda nao. Aseme."

Ikaamuliwa aseme. Akatafutwa mtu aliyejua namna Chande alivyokuwa akiongea, na Sikudhani, aliyekuwa amemaliza masomo na hana kazi, akaitwa ofisini. Hakuulizwa kama anataka. Aliulizwa anaanza lini. Pengine wengine wangekataa. Sisi hatukuwapo, na si vizuri kumhukumu mtu kwa mlango ambao hujawahi kusimamishwa mbele yake.

Tangu hapo, kila Siku ya Waasisi, vipaza sauti vilisoma Salamu za Mhitimu Wetu Aliye Mbali, zilizotungwa na Sikudhani na kupitishwa na wakubwa. Chande alifanya vizuri sana huko mbali. Alipanda kutoka mhandisi hadi profesa, akajenga daraja maarufu katika nchi isiyo na mto, akapewa medali na mfalme. Alikuwa mhitimu mashuhuri kuliko wote, na wa pekee ambaye picha yake haikuwahi kugeuzwa. Hakuoa. Wakubwa walihofia kwamba mama yake angetaka kuwaona wajukuu.

Na kila mwaka Mama Chande alikuja kutoka kijijini, akakaa mbele, akasikiliza, kisha akamngoja Sikudhani kwenye kivuli cha jukwaa.

"Sikudhani, mwanangu."

"Abee, mama."

"Maneno haya ni ya Chande?"

"Ndivyo yalivyofika, mama."

"Mbona hamtanii mtu? Chande nimjuaye mimi hamalizi kunywa maji kabla hajamtania aliyemletea."

Mwaka uliofuata Sikudhani aliingiza utani mmoja, kuhusu mapua ya watu wa bondeni. Mama Chande aliusikia akacheka kwa sauti, peke yake katika uwanja mzima, hadi walinzi wakageuka. Halafu akamwambia, "Wa leo ulikuwa mzuri. Lakini ni wako, mwanangu, si wake."

Hakuuliza tena. Aliendelea kuja tu. Kwao kijijini alikuwa hajaingia msibani kwa mtu wala arusini kwa mtu tangu siku ile ya ufadhili, kwa kuwa hakujua akae na waliofiwa au na waliojaliwa. Kuomboleza peke yake hakuweza. Kumlilia mtoto aliye hai ni kumwita mauti, ndivyo walivyoamini watu wake. Na kumlilia mtoto ambaye serikali imesema yu hai, hilo lilikuwa na kifungu chake cha sheria: Maombolezo Bila Kibali.

*

Chuo kikafikia jubilei. Kamati ya Maadhimisho iliketi chini ya Profesa Ludoviko Kisimbo, Makamu Mkuu wa Chuo, mtu mnene mwenye adabu ambaye alikuwa hajawahi kuanza sentensi bila kujua Mheshimiwa Mlezi angependa iishe vipi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "chuo chenye urithi lazima kiwe na sanamu. Wafadhili wetu wa nje wamelisema hilo kwa upole lakini wamelisema mara nyingi. Nani asimamishiwe?"

Wajumbe wote wakamtaja Chande Mlekwa kwa pamoja.

"Kuna kikwazo," alisema mwanasheria wa chuo. "Sheria ya Masanamu. Aliye hai hasimamishiwi sanamu, isipokuwa Mheshimiwa Mlezi."

Mjumbe mmoja alitazama dari, mwingine akatazama chai yake.

"Basi," Profesa Kisimbo alisema taratibu, "ningependa kuwaarifu, kwa masikitiko makubwa, kwamba Profesa Mlekwa hana budi kufariki."

Hoja ikaungwa mkono. Kilichochelewesha kikao kilikuwa ugonjwa. Mmoja alipendekeza malaria, akakumbushwa kwamba huko mbali hawana mbu. Ajali ikakataliwa kwa kuwa ingeonyesha wahitimu wetu hawajui kuvuka barabara. Mkuu wa Kitivo cha Tiba alisema moyo, akaulizwa kwa ukali, moyo wa mtu aliyesoma hapa una tatizo gani? Mwishowe ikaandikwa kwamba marehemu amefariki kwa kuipenda mno nchi yake akiwa mbali nayo. Mkuu wa Kitivo cha Tiba alisaini.

Kwa kuwa mwili usingeweza kusafirishwa, sababu ya baridi, ingezikwa badala yake joho la chuo, ndani ya jeneza, chini ya sanamu, palepale mbele ya Ngazi za Amani. Na kwa vile wafadhili walipenda mila, ikaongezwa burudani: watani.

Hapa ni lazima tueleze kidogo. Chande alikuwa Msilu, mtu wa mlimani. Wasilu na Wandeko wa bondeni walipigania malisho zamani za mababu hadi wakachoka, wakapatana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa maneno tu. Wakawa watani. Msilu akifa, Mndeko huja kumtukana. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza anavyotembea, hujilaza kaburini na kukatalia humo mpaka wafiwa wampe anachodai, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Anaambatana na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe, ndipo arudi kwake. Msiba usio na mtani ulihesabika kama haujafanyika.

Mheshimiwa Mlezi mwenyewe aliwahi kutaniwa kwenye mazishi ya mama yake, na mtani aliyetembea kama yeye, tumbo mbele, akiwa na mto ndani ya shati. Mheshimiwa alicheka mbele ya kamera, na magazeti ya ng'ambo yakamsifu. Kwa furaha alisaini Sheria ya Urithi wa Utani, ambayo kifungu chake cha kwanza kilisema: Mtani hashikwi msibani. Wanasheria walikusudia kuongeza neno "isipokuwa", lakini alikuwa ameshafunga kalamu.

Kamati ilialika kikundi cha watani wa Wizara ya Utamaduni, wenye sare. Vichekesho vyao viliwasilishwa mapema vikakaguliwa. Kilichopita kilikuwa kimoja: "Marehemu alikuwa mrefu."

Hakuna aliyekumbuka kwamba Bi Sikudhani Nyambo, aliyekuwa pale mezani akichukua maelekezo, ni Mndeko wa kuzaliwa. Kwao wote alikuwa afisa.

"Bi Sikudhani," alisema Profesa Kisimbo wakati wakitoka, "utatuandikia maneno yake ya mwisho. Yasiwe marefu. Alikuwa anaumwa."

*

Alitumwa yeye kupeleka taarifa kijijini. Njiani kote alijaribu kuipanga sentensi, akaona kwamba katika maisha yake yote ya kutunga maneno ya Chande hakuwahi kutunga la kweli, na sasa la kweli limekuja, naye amebebeshwa kama uongo mwingine.

Mama Chande alikuwa akichambua mboga za kisamvu. Alimkaribisha, akamwekea kigoda, akaendelea kuchambua.

"Mama," alisema Sikudhani, "nimetumwa. Chande amefariki."

Mikono ya mzee ikasimama. Hakulia. Alimtazama Sikudhani kwa muda kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Serikali yenyewe? Si watu?"

"Serikali, mama. Itatangazwa redioni."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa?"

Sikudhani aliitikia kwa kichwa.

Mama Chande aliweka ungo chini. "Wamesema kafia wapi?"

"Ng'ambo. Kwa kuipenda nchi."

"Hm." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Na maiti?"

"Watazika joho."

"Joho ndilo nililolizaa mimi?" Sauti yake haikupanda. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimezeeka, sikulaumu. Uliniletea uongo kila mwaka, lakini uliuleta mwenyewe, na ulikuwa unauleta huku macho yako yametazama chini. Nilikuwa nayaona. Ndiyo maana nilikuwa nakuja. Sikuja kwa ajili ya vipaza sauti."

Sikudhani alikuwa analia sasa, kwa utaratibu, kama afanyavyo kila kitu.

"Wewe ni Mndeko," Mama Chande aliendelea. "Hao wenye sare mimi siwajui. Mtani wa mwanangu ni wewe. Mlikuwa mnatukanana hapa hapa uani, unakumbuka? Alikuita kiroboto cha bondeni."

"Na mimi nikamwita ngazi iliyokosa nyumba."

"Basi. Mimi sikutumi. Una nyumba ya chuo, una kazi, una shingo yako. Ila marehemu asiyetaniwa hulalia ubavu mbaya, hilo unalijua."

Sikudhani alirudi mjini akiwa anajua vema kinachoweza kumpata. Alikuwa amekaa karibu na wakubwa muda mrefu, na alijua kwamba Ufadhili wa Ghafla haujawahi kufutwa. Nafasi tu ndizo zilizokuwa hazijatangazwa.

*

Siku ya jubilei jua lilikuwa kali na mabango yalikuwa mengi. Mheshimiwa Mlezi alifika akiwa na kofia yake ya manyoya, akatembezwa. Katika Maktaba ya Anga Wazi alisifu mwanga. Kwenye Chemchemi ya Maarifa alisifu utulivu. Katika Jumba la Picha alimtazama waziri wa kilimo, akasita, na mtu mmoja wa itifaki akamgeuza waziri ukutani kwa tahadhari. Mheshimiwa alikuwa anataka kupiga chafya tu.

Kisha wote wakaketi mbele ya Ngazi za Amani. Sanamu ilifunikwa kwa bendera. Chini yake palikuwa na shimo lililochimbwa vizuri, na kando ya shimo jeneza dogo lenye joho, na juu ya joho muhuri: MALI YA CHUO, LISITOLEWE. Mama Chande alikaa safu ya mbele. Nyuma yake walikaa wanawake wengine wazee ambao hakuna aliyewaalika. Walikuwa wamesikia redio. Profesa Kisimbo alipouliza ni akina nani, aliambiwa ni wazazi wa wahitimu wengine walio mbali, akatabasamu na kuagiza wapewe maji.

Alisoma wasifu. Madaraja yakapita, medali zikapita. "Na katika saa yake ya mwisho," alisema, "Profesa Mlekwa alitamka maneno haya..." Akafunua ukurasa. Ulikuwa mweupe. Akaufunua tena upande wa pili. "...maneno haya ambayo ni mazito mno kuyarudia hapa."

Watu wakapiga makofi. Watani wenye sare wakasimama, wakasema kwa pamoja, "Marehemu alikuwa mrefu!" wakaketi.

Hapo Bi Sikudhani Nyambo alivua viatu, akaviweka sambamba kando ya kiti chake, akatembea hadi shimoni, akaingia, akajilaza chali.

Mwanzoni watu walidhani amezimia. Kisha sauti ikatoka chini, na haikuwa ile ya karibu na mtoto aliyelala.

"Hazikwi mtu hapa! Mimi ni Mndeko! Hili ngongoti la kimlimani linanidai nini hata nilipishe?"

Kicheko kikapasuka. Mheshimiwa Mlezi mwenyewe alijipiga paja. "Kumbe mna mtani wa kweli!" alisema. "Mwacheni, mwacheni. Hii ndiyo mila!" Kamera zikasogezwa. Wafadhili wakainuka kwenye viti wapate kuona.

"Chande!" Sikudhani aliita. "Mvivu wewe! Mlafi! Ulikula ubwabwa wangu siku ya mtihani ukasema ni paka! Amka unilipe ubwabwa wangu!"

Watu walicheka hadi machozi.

"Eti profesa! Huyu? Hesabu alikuwa akinakili kwangu! Eti kajenga daraja! Hata kamba ya kuanikia nguo aliifunga ikaanguka!"

"Enhee!" Mheshimiwa aliitikia, kama mila inavyotaka.

"Eti kaenda ng'ambo! Muongo mkubwa weee! Mtu mvivu hivi wa kutembea, ng'ambo angefikaje? Mimi nilikuwa nyuma yake. Getini hakufika. Ngazi hizi hakuzimaliza! Alipanda mbili, ya tatu akaona tabu, akalala! Na ndoo yake kichwani kama mpishi aliyefukuzwa jeshini! Nikamwambia amka, hakuamka. Wakaja wenye lori wakambeba kama gunia la mihogo, mvivu yule, hata mguu hakuinua kuwasaidia!"

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea huku nyuma, ambako maneno hufika kwa kuchelewa. Huku mbele kilikuwa kimekatika. Mheshimiwa Mlezi alibaki na mdomo wazi, meno yakiwa bado yamekaa kwenye umbo la kucheka, maana hakuwa ameamua awe na sura gani nyingine.

Profesa Kisimbo alisogea ukingoni mwa shimo, jasho likimtoka. "Mtani," alisema kwa sauti ya chini, "mila imeeleweka. Toka sasa. Unataka nini? Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Mbuzi. Mbuzi wawili. Ukurugenzi, Bi Sikudhani. Kurugenzi ya Urithi ipo wazi."

"Namtaka Chande. Nionyesheni mlikomlaza, nikamtukane karibu. Joho mimi sina ugomvi nalo."

Profesa aliwatazama wakuu wa usalama, nao wakatazama nyasi. Ilikuwa dhahiri, hata kwa wageni waliokuwa hawajui lugha, kwamba jibu halipo. Aliyekuwa analijua alishakufa, au alikuwa amejitahidi kulisahau, na nchi ambayo ilijua kila mtu amekula nini jana haikujua imewaweka wapi watoto saba.

Mama Chande alisimama. Alikwenda taratibu mpaka ukingoni, akainama, akanyoosha mkono.

"Toka, mwanangu. Hawana cha kukupa. Tumeshasikia."

Mfiwa akisema hivyo, mtani hutoka. Sikudhani aliushika mkono ule, akapanda juu, gauni limejaa udongo mwekundu. Na Mama Chande akiwa amemshika hivyo, akafungua kinywa, akalia.

Kilikuwa kilio kilichokaa ndani muda mrefu, hakikutoka kama cha mtu mmoja. Wale wanawake wa nyuma wakakipokea. Katika nchi ile, pamoja na yote, mama akilia msiba hakuna anayebaki ameketi. Watu wakainuka, safu kwa safu. Bendi ya polisi ikainuka. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alitazama kulia, akatazama kushoto, akavua kofia.

Redio ilieleza jioni kwamba kipengele cha mila kilifana sana.

*

Matanga yalikaa kijijini kwa Mama Chande. Majamvi yalitandikwa uani, sufuria zikainjikwa, na wale wanawake, wote Wasilu, wakaja kila mmoja na mkeka wake. Sikudhani aliketi miguuni pa mfiwa, mahali pa mtani. Alikuwa ameambiwa kwamba nyumba yake ya chuo imepata mpangaji mwingine, na kwamba picha zake zote zilizokuwa katika Jumba zimegeuzwa, ingawa hakuwahi kuwa na picha humo. Ikabidi itundikwe moja kwanza.

Barabarani, chini ya jua, lilisimama gari lenye vioo vyeusi. Ndani yake mlikuwa na Bwana Pazi, afisa mwenye adabu, ambaye kazi yake ilikuwa kumpa Sikudhani taarifa kuhusu ufadhili. Kifungu cha kwanza cha Sheria ya Urithi wa Utani alikuwa anakijua. Alisubiri. Siku zikapita, alfajiri walipiga dua, mchana walipika, jioni Sikudhani alimtukana Chande na watu wakacheka wakilia. Bwana Pazi aliletewa chakula garini kama mgeni mwingine yeyote. Mwishowe alishuka, akavua viatu, akapiga magoti pembeni ya jamvi.

"Mama, poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa, baba. Karibu."

"Mama, samahani kuuliza. Mimi nimetumwa tu. Matanga haya mnaanua lini?"

Sikudhani aliinamisha uso. Aliificha mikono chini ya kanga. Mama Chande aliona, akaweka kiganja chake juu yake, kama mtu anayekanyaga ukingo wa mkeka usipeperuke.

Kisha akamgeukia mwanamke aliyekaa karibu naye, mzee mwembamba aliyekuwa hajasema neno tangu afike.

"Dada, wa kwako aliitwa nani?"

"Zuberi," alisema yule mwanamke. Alilisema kwa tahadhari, kama anajaribu kama bado linasemeka. "Zuberi Kitwana."

"Mfupi au mrefu?"

"Mfupi. Na alikuwa na kigugumizi."

"Kigugumizi!" Mama Chande alimgonga Sikudhani begani. "Umesikia, mtani? Huyo anakufaa. Mwanzie kesho." Halafu akamtazama Bwana Pazi, kwa upole wa mama anayempangia mgeni pa kulala. "Mambo kama haya hayaendeshwi mbio, baba. Sisi tuko kwa Chande bado. Zima gari hilo uje kivulini, tukishamaliza naye wamebaki sita."